Ng'ombe Aliyenasa Sura ya Kwanza

Jumatatu, 5 Aprili 1954

Sindano ya pili ya buba leo, ule ugonjwa wa madonda. Watoto watatu kati ya kumi na mmoja. Wengine mbio, malishoni. Jeshini niliamuru tu, mtu akageuka, nikachoma. Hapa Garsen hata mbuzi hanitii. (Jeshini nilikuwa dresa, mfunga vidonda tu. Hapa naitwa Daktari, nami sijamsahihisha mtu.) Basi nimepata hila. Kile kitabu ninachowaandikia watoto, Sajini Hiribae na Mamba wa Burma, nitakisoma zahanati. Asiyechomwa hasikii.

Jumanne, 6 Aprili

Wamekuja wote, na mmoja hata si mgonjwa! Nimesoma sura ya kwanza: ng'ombe wa Sajini amenasa topeni, mamba anakuja. Nikafunga kitabu. Kilichobaki Ijumaa, pamoja na sindano ya tatu. Mwalimu Isaac kanishauri nimtoe ng'ombe kwanza. Wivu huo. Yeye kaandika nini zaidi ya rejista?

Jumatano, 7 Aprili

Balaa. Kaja Mzee Jatani, mfugaji wa Kiorma, na fimbo yake. Bintiye Darmi ndiye mwenye donda baya kuliko wote. Akikosa sindano ya tatu litarudi na kuula mguu. Mzee hakutaka habari ya donda. Aliuliza ng'ombe ni wa nani. Nikamwambia ni wa kitabuni. Akauliza tena, polepole, ni wa nani. Kwao ng'ombe akinasa unaacha shughuli zote ukamvute, hata akiwa wa adui yako. Mimi nimemwacha mpaka Ijumaa. Kasema mtu wa namna hiyo hapewi mtoto. Mvua imenyesha huko bara, kesho wanahama.

Alhamisi, 8 Aprili

Wamehama, na Darmi wao. Nimeogopa kweli kwa ajili ya mguu ule. Nikafunga dawa kitambaani, nikafuata nyayo za ng'ombe. Adhuhuri nikawakuta kisimani. Hakuna aliyenikaribisha maziwa.

Ikabidi nimtoe ng'ombe wa Sajini pale pale, mbele ya wanaume wote. Nikasema Sajini kamvuta pembe. Wakakataa, atavunjika shingo. Mkia, na kamba tumboni. Nikakubali. Wakauliza rangi. Mwekundu. Ana mimba? Nikatazama nyuso zao, nikasema anayo. Na mamba? Kafa.

Mzee Jatani akashusha pumzi, akaagiza maziwa, akamwita Darmi. Nikachemsha sindano, nikamchoma. Hakulia. Aliyetokwa na machozi ni mimi. Vumbi.

Jumamosi, 17 Aprili

Donda la Darmi limekauka. Mzee kaleta samli, akasema ni ya Sajini, si yangu. Isaac anasema bila shaka nimepata funzo.

Nimelipata. Wafugaji hawafai kusomewa. Jumatatu naenda Wema, kwa Wapokomo wenzangu, wakulima, watu watulivu. Hadithi mpya iko tayari: mpunga umeiva, kiboko kaingia shambani, mlinzi kalala fofofo. Hapo nitafunga kitabu, mpaka Ijumaa.