Ada ya Ukuzaji

Mvua ndiyo iliyomwingiza Mhandisi kwenye duka la kuchukulia mizigo. Hakuwa na mzigo wa kuchukua. Wala hakuwa mhandisi. Maisha yake yote hakuwahi kupigilia hata msumari. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya kalamu tatu alizozipanga mfukoni mwa shati, naye, kwa kuwa hakupenda kubishana na watu ambao huenda kesho wakawa wateja, akalipokea.

Alikuwa bado anajikung'uta maji mlangoni wakati kinyozi wa mtaa ule alipochana katoni yake. Kinyozi alikuwa ameagiza kiti cha saluni kutoka ng'ambo, kwa simu: kiti cha ngozi, cha kupanda na kushuka, chenye pa kuwekea miguu. Bei ilikuwa ndogo mpaka alijiona kama ameiba. Akatumbukiza mkono ndani, akatoa kiti. Kweli kilikuwa cha ngozi. Kweli kilipanda na kushuka. Na chote kilienea kwenye kiganja chake.

Duka zima likaangua kicheko.

"Sasa utanyoa panya," akasema mama mmoja huku akijifuta machozi.

"Kwenye picha kilikuwa kikubwa!"

"Kwenye picha hata mimi ni mrefu," akajibu mwenye duka, ambaye kaunta ilimfika kifuani.

Mama aliyecheka zaidi ni Mama Pindo, fundi cherehani, na alicheka mpaka zamu yake ilipofika. Shule moja ilikuwa imempa kazi ya sare sitini, ziwe tayari kabla ya kufungua muhula, naye akaagiza mashine ya overloki ya kumalizia kingo. Akafungua boksi. Overloki ilikuwepo, na vibunda vyake vinne vya uzi, kila kimoja kama punje ya mchele. Juu yake walikuwa wameweka pete ya kutundikia funguo.

Hakuna aliyecheka tena, maana Mama Pindo aliketi sakafuni.

Mtu wa kawaida angeona watu wawili waliopigwa. Mhandisi aliona ofisi yenye pazia. Akakohoa, akasogea mbele, akampa kinyozi mkono.

"Hongera sana, ndugu yangu."

"Hongera ya nini? Huoni nilivyoliwa?"

"Sampuli yako imefika salama. Nyingi huvunjika njiani."

"Sampuli?"

Mhandisi akaangalia dari kwa huruma, kama daktari anayejiandaa kumweleza mgonjwa jambo ambalo mgonjwa alipaswa kulijua. "Kampuni kubwa haiwezi kutuma kiti kizima bila mteja kukiona kwanza. Inatuma sampuli. Ukiridhika, unathibitisha, unalipa ada ya ukuzaji, na chenye ukubwa kamili kinakuja ndani ya siku kumi na nne. Yote yameandikwa kwenye masharti. Mliyasoma masharti?"

Tangu simu ziingie duniani hajazaliwa mtu aliyeyasoma masharti, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri.

"Niliyapitia juujuu," akasema kinyozi.

"Basi uliliruka hilo. Kwa bahati nzuri, wakala wao wa eneo hili ni mimi."

Kesho yake Mhandisi alikuwa na chumba ghorofani, juu ya duka lile lile: meza moja, viti viwili, ua la plastiki, pazia la bluu. Mteja akiingia, Mhandisi aliipima sampuli kwa tepu, urefu, upana, kina, akazidisha kwenye karatasi, akatikisa kichwa, akazidisha tena. Kisha akataja ada. Kisha akapiga muhuri mara tatu, pah, pah, pah, na kwa mlio ule mteja alijisikia ameshapata mzigo nusu.

Habari zikasambaa. Akaja aliyeagiza zulia la sebuleni akaletewa kitu cha kuwekea kikombe. Akaja aliyeagiza hema la harusi likamtosha kichwani tu. Hao walikuwa waungwana. Lakini siku ya nne akaingia bwana mmoja mnene, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaweka mezani gari la zimamoto, jekundu, la plastiki.

"Na mimi niliagiza," akasema, bila kumtazama usoni.

Mhandisi akaligeuza gari. Chini yake palikuwa bado na kibandiko cha bei cha duka la vitu vya watoto, mtaa wa pili.

"Bwana, uliagiza gari la zimamoto?"

"La zimamoto. Na ngazi yake."

"La nini?"

"Moto," akasema yule bwana, "hauna hodi."

Mhandisi akalipima kwa heshima zote. Akamtoza mara mbili, maana ngazi ilihesabiwa peke yake. Jioni ile duka la vitu vya watoto liliishiwa na matrekta, mabasi na helikopta, na mwenye duka hakuelewa watoto wote wametoka wapi.

Mama Pindo alilipa siku ya kwanza. Alitoa pesa alizokuwa ameziweka za vitambaa, maana sare hazishonwi bila overloki, na overloki haikui bila ada. Lakini usingizi ulimpaa. Siku ya tisa akaenda kwa shangazi yake, karani mstaafu wa posta, mama mwembamba mwenye miwani miwili: mmoja wa kuonea mbali, na mwingine wa kuonea uongo, kama alivyosema mwenyewe.

Shangazi akaishika risiti, akaisogeza dirishani, akabadilisha miwani.

"Mwanangu, huu muhuri umeusoma?"

"Umeandikwa 'Imekaguliwa', shangazi."

"Na chini yake wamekwangua. Lakini hawakukwangua vizuri. Soma."

Mama Pindo akasoma herufi moja moja. "Nya... ma."

"Huu ni muhuri wa machinjioni. Overloki yako imeruhusiwa kuliwa."

Mama Pindo akataka kucheka, kikatoka kilio. "Nimekwisha, shangazi. Sare sitini! Vitambaa sina, mashine sina. Twende polisi."

"Tutaenda. Lakini akiona kofia ya askari kwenye ngazi, atatokea dirishani na pesa zenu. Kwanza pesa, halafu polisi." Akahesabu kwa vidole. "Siku kumi na nne zinaisha lini?"

"Jumamosi."

"Basi yeye anaondoka Ijumaa. Mimi nitakwenda Alhamisi."

Alhamisi saa nne asubuhi shangazi alipanda ngazi za Mhandisi akiwa na kapu kubwa mkono mmoja na boksi la viatu mkono wa pili. Mama Pindo alibaki chini kwa kinyozi, akijifanya anasubiri mtu, huku akitafuna ncha ya mtandio.

Shangazi akafungua boksi. Ndani mlikuwa na nyumba ya karatasi ngumu, ya ghorofa moja, yenye roshani.

"Niliagiza hii," akasema kwa sauti ya bibi asiye na habari. "Vyumba vitano. Sasa nasikia wewe unakuza."

Mhandisi hakuamini masikio yake. Alikuwa amekuza viti, mazulia na helikopta saba, lakini nyumba! Akaipima taratibu, ili moyo utulie, na alipotaja ada aliitaja kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Sawa," akasema shangazi. Akatoa kwenye kapu bahasha nene ya kiinua mgongo chake, akaifungua Mhandisi azione pesa. "Lakini mwanangu, mimi nimekaa posta miaka thelathini. Mzigo wa thamani hii hauendi hivi hivi. Mteja anaweka ada, wakala anaweka dhamana, vyote vinafungwa pamoja kwa nta ya lakiri. Mzigo ukifika, tunafungua mbele ya mashahidi."

"Dhamana kiasi gani, mama?"

"Yote uliyo nayo ya ofisi. Ndivyo utaratibu ulivyo."

Mhandisi akatabasamu kwa huzuni, kalamu zikacheza mfukoni. "Mama, hapo umeniweka pagumu. Na hicho kifurushi atakaa nacho nani?"

Shangazi akamtazama kwa macho ya kondoo. "Atakaa nacho nani tena, mwanangu? Si wewe wakala?"

Hapo Mhandisi alilazimika kugeuka akapenga kamasi, la sivyo angecheka. Bibi huyu alikuwa anamwomba achanganye pesa zake na za bibi, kisha azibebe zote mwenyewe! Akavuta mtoto wa meza, akatoa mavuno ya siku kumi na mbili, akayakabidhi kwa mikono miwili.

Shangazi akafunga. Alifunga kama walivyokuwa wakifunga zamani: karatasi ya kaki, pembe zimekunjwa sawasawa, uzi wa katani mara mbili kwa mapana, mara mbili kwa marefu. Akaweka kifurushi juu ya kapu mapajani mwake, akawasha mshumaa wa kuyeyushia lakiri. Mshumaa ukazimika. Akawasha tena, ukazimika tena.

"Upepo, mwanangu. Hebu nifungie dirisha."

Dirisha lile lilikuwa linakwama. Mhandisi akalisukuma, akalipiga kwa kiwiko, akalitukana kimoyomoyo. Alipogeuka, mshumaa ulikuwa unawaka, na shangazi anadondosha lakiri nyekundu juu ya fundo, tone baada ya tone.

"Haya. Mtunzie bibi yako."

Akashuka ngazi taratibu, akishika ukuta. Alipoingia kwa kinyozi hakushika ukuta tena. Akafunga mlango, akatoa ndani ya kapu kifurushi cha kaki, pacha wa kile kilichobaki ghorofani ila hiki hakikuwa na lakiri, akakata uzi kwa mkasi wa kinyozi. Mama Pindo akaona pesa, akamkumbatia shangazi mpaka miwani yote miwili ikaanguka.

"Taratibu! Kawaiteni wenye risiti. Na mwingine akimbie polisi."

Askari wakakuta chumba kitupu na ua la plastiki. Wenye risiti walirudishiwa pesa mmoja mmoja, wengi wao wakiangalia chini. Bwana wa vifaa vya ujenzi peke yake alikataa. Alisema kama ni hivyo, yeye atasubiri gari lake. Alisubiri mwezi mzima, na inasemekana alishalijengea banda.

Mama Pindo akanunua overloki iliyotumika kwa fundi mwenzake aliyekuwa anastaafu. Alienda mwenyewe, akaigusa, akaikalia, akashonea kipande cha khanga yake hapo hapo. Sare sitini zikafika shuleni siku moja kabla ya kengele.

Na Mhandisi? Saa sita mchana wa Alhamisi ile ile alikuwa mji mwingine, kwenye chumba cha nyumba ya wageni, mlango umefungwa kwa komeo na kiti juu yake. Aliagiza soda baridi mbili, zote zake. Akavunja lakiri. Akafungua uzi kwa meno. Akakunjua kaki.

Ndani mlikuwa na fomu za zamani za posta, rundo zima, safi, zimenyooka. Juu kabisa zimeandikwa: Madai ya Mzigo Uliopotea.

Alizipekua zote mpaka ya mwisho. Kisha akakaa kitandani kwa muda mrefu, soda zikipoteza baridi. Mwishowe, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kufanya, na mtu huyu alikuwa na tumaini lisilokatika hata kwa panga, akachomoa kalamu moja mfukoni, akaanza kujaza.

Akakwama mstari wa kwanza. Ulimtaka aandike jina lake kamili, la kweli.