Sisi Kina Skarnby Hatujawahi Kuhama

Jumatatu, 10 Juni

Siku kubwa! Noreen kapiga simu kutoka Tasmania. Noreen ni Skarnby wa huko, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na ndiye aliyebuni Mkutano wa Kina Skarnby wa Dunia Nzima. Utafanyika Jumamosi hii, hapahapa kijijini Skarnby, Lincolnshire, ambako jina letu lilizaliwa. Mabasi mawili ya wageni! Tasmania, Kanada, hata wawili kutoka Dunedin, mbali kuliko Tasmania. Anasema ukumbini kutakuwa na kiti cha kuchongwa cha Mkuu wa Ukoo. Atakikalia nani? Mtu wa tawi ambalo halijawahi kuhama.

Mimi! Nani mwingine? Clement Skarnby, muuza mazulia mstaafu, mkazi wa Skarnby. Kijiji na mtu, jina moja. Ni kweli yupo binamu yangu Rodney, ila yeye anakaa Low Toft. Maili tatu. Nilimweleza Noreen kwamba maili tatu ni maili tatu. Mtu akishahama kahama. Rodney ni mhamiaji.

Furaha ikadumu hadi chakula cha jioni. Bryony, binti yetu wa pekee, muuguzi wa wanyama, akaweka uma mezani akasema amepata kazi Kanada. Halifax. Anaondoka mwisho wa mwezi. Nikapaliwa na njegere. Nikamwambia sisi kina Skarnby hatuhami, tangu Wadenmaki wa kale walipotia nanga hapa hatujahama. Akauliza, sasa baba, hayo mabasi mawili yanatoka wapi? Nikamwambia amalize njegere zake.

Akiondoka yeye, tawi limeondoka. Kiti kimeondoka. Na nyumba itabaki na mimi, mke wangu Glenys, na saa ya ukutani. Hilo la mwisho sikulisema.

Jumanne, 11 Juni

Makaburini tangu asubuhi, natafuta mababu wa kuwaonyesha wageni. Ajabu! Kina Cooper tele. Kina Wright tele. Kina Blades wamelala safu nzima, wamejipanga kama foleni ya posta. Kina Skarnby? Babu Herbert, bibi, baba, mama. Basi! Kabla ya babu hakuna mtu. Nimetafakari sana. Lazima ukungu umefuta majina.

Nikapata jiwe zuri kando ya ukuta, kuukuu, halisomeki. Nikalisugua, nikapanda maua ya manjano, nikachomeka kibao: Skarnby wa Kale. Bi Dowse wa duka la posta akapita. Nikainamisha kichwa, nikatoa leso. Akaguswa kabisa, hata akavua kofia ya mvua.

Nyuma yake akaja Mchungaji Pamela, mwenye kanisa lake. Akanipa pole, kisha akasema kwa upole kwamba hilo si kaburi. Ni kizingiti cha vyoo vya zamani, kilisogezwa hapo walipotengeneza njia. Na nani alikuwa ameegemea lango, amesikia yote? Rodney! Na lile koti lake la vifungo vya shaba. Akaniuliza marehemu alikuwa akinisaidia kwa mengi?

Kwanza anafanya nini huku? Hana kwao?

Jumatano, 12 Juni

Mvua. Nimekwenda Louth kwenye nyumba ya wazee kumwona shangazi Winnie. Ana miaka tisini na tatu. Hakuna Skarnby aliye hai anayemzidi. Nikampelekea chupa ya divai tamu, nikamwomba aje Jumamosi awaambie wageni kwamba tumekuwepo Skarnby siku zote.

Alicheka mpaka meno yakalegea. Siku zote gani, mwanangu? Walikuja na lori la makaa kutoka Grimsby, yeye mtoto wa miaka mitano kakalishwa juu ya godoro, babu Herbert ananuka samaki kuanzia kisigino mpaka kofia. Kijiji kizima kilifunga madirisha. Nikamuuliza kwa unyonge, na kabla ya Grimsby? Hull. Kabla ya Hull hajui, ila babu yake alikuwa akisema ukoo wetu unafuata kazi kama mbwa anavyofuata mwuza nyama.

Nimelipima jambo hili kwa makini. Karibu miaka tisini! Kwa mtu wa kawaida hiyo ni milele. Nikamwomba basi, akiulizwa, aseme hakumbuki. Kwa umri wake inakubalika. Akataka chupa ya pili. Tukaelewana.

Glenys aliposikia akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia huu si uongo, ni muhtasari.

Nilimkuta Bryony sebuleni anajaribu koti jipya la baridi. Jekundu. Limempendeza. Nikasema linamfanya aonekane kama sanduku la posta. Akapanda chumbani kwake.

Alhamisi, 13 Juni

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Hana sanduku, hana safari! Akili ni nywele, na mimi zangu zimehamia ndani.

Bryony alipokwenda kazini nikachukua sanduku lake kubwa la kijani. Kulificha wapi? Si nyumbani, Glenys ana pua. Si bandani, panya. Nikakumbuka kwamba leo wanawake wa kanisa wana mauzo yao ya mitumba. Rundo la vitu kama lile nani atachungulia? Nikalisukumia chini ya mapazia ya zamani nikaondoka napiga mluzi. Mwezi ujao nitalifuata, safari ikiwa imekwisha kuota mbawa.

Saa tisa nikapita kuhakikisha. Rundo limekwisha! Sanduku limekwisha! Mtu asifikirie sijui maana ya mauzo. Nilisahau tu. Bi Dowse akasema kwa fahari kwamba sanduku la kijani lilipata mteja mapema, bwana mmoja mtanashati wa Low Toft, mwenye vifungo vya shaba.

Ijumaa, 14 Juni

Wageni wamefika! Noreen alinikumbatia mpaka nikasikia mbavu zikiitana. Kote ninapogeuka, pua ya babu Herbert. Pua ileile, kwa watu wasiojuana! Mmoja kutoka Kanada, Gordon, fundi wa boti, ana hata kile kikohozi chake. Nilitaka kulia kidogo. Nikala mkate wa zabibu badala yake.

Nyumbani Bryony anapindua kabati. Anauliza nani kaona sanduku lake. Nikasema masanduku siku hizi hayakai.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi. Suti imenibana, lakini heshima imo. Hotuba iko tayari, kurasa kumi na moja. Kiti nimekwenda kukiona mapema. Nimekikalia, kidogo tu. Kinanifaa.

Jumapili, 16 Juni

Sijui nianzie wapi.

Basi. Ukumbi ulijaa. Ile nyama ya nguruwe ya huku kwetu, iliyoshindiliwa kotimiri, ikapita, chai ikapita, nikasimama. Nikawaambia karibuni nyumbani, enyi mliotawanyika! Nikawaambia wengine walitamani bahari, wengine walitamani dhahabu, lakini palikuwa na tawi moja lililosema hapana, sisi tunabaki kulinda jina. Nikajipiga kifuani. Glenys alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Nikasema kina Skarnby wa Skarnby hatujawahi kuhama, na, kwa uwezo wa Mungu, hakuna wa nyumba yangu atakayehama. Nikamtazama Bryony. Akainamisha macho.

Noreen akanyoosha mkono kama yuko darasani. Alifundisha shule maisha yake yote, hawezi kujizuia. Akasema hotuba ni tamu sana, binamu Clement, ila kuna kitu hakimwingii akilini. Kama mababu zangu walikuwa hapa siku zote, nani aliwaita Skarnby?

Nikasema majirani, bila shaka.

Akasema majirani nao si walikuwa wa Skarnby? Kijiji kizima ni wa Skarnby! Utamtofautishaje mtu kwa kumwita wa hapa, na wote ni wa hapa? Hapa mtu aliitwa Cooper kwa sababu alitengeneza mapipa, au Wright kwa sababu alichonga magurudumu. Lakini siku kijana mmoja alipofunga virago, akatembea mpaka kijiji cha mbali, wenyeji wa kule wakaulizana huyu ni nani. Wakajibiwa, ni yule wa Skarnby. Ndipo jina likamganda, yeye na watoto wake. Kila Skarnby duniani, akasema Noreen, ni mtoto wa mtu aliyeondoka. Asiyehama hakulipata jina.

Nikawaona kina Cooper na kina Blades wote makaburini, wamenyoosha miguu, wananicheka.

Nikamtazama shangazi Winnie aniokoe. Alikuwa amemaliza chupa zote mbili. Akapaza sauti kwamba yeye ameambiwa aseme hakumbuki, lakini lile lori la makaa anamkumbuka hadi dereva wake. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Gordon alikohoa kikohozi cha babu mpaka akapigwa mgongoni. Nilitaka ardhi inimeze, na ilikataa, nadhani kwa sababu si ardhi ya kwetu.

Halafu Rodney akasimama. Anaburuta sanduku la kijani! Akasema alilinunua kwenye mitumba, akakuta ndani kitambulisho cha kazi cha Bryony, sasa anashangaa, mtoto wa watu anasafiri mwisho wa mwezi, nani kaliuza sanduku lake?

Bryony akanitazama. Si kwa hasira. Hasira ningeiweza. Akaniuliza polepole, baba, ni wewe? Nikasema ndiyo. Watu wote wakasikia. Nikasema nilitaka abaki. Nilikuwa na kurasa tisa za hotuba bado mkononi na hapakuwa na neno hata moja la kunisaidia. Nikasema nyumba itakuwa kimya mno.

Basi mtoto yule akaja mbele ya watu wote akanishika mkono. Akamwambia Rodney asante kwa sanduku, na sasa akae chini. Akaniambia mimi ni mzee mpumbavu na atanipigia simu kila Jumapili. Gordon akasema yeye anakaa saa moja tu kutoka Halifax, atampokea mwenyewe, na mkewe ameshaanza kupanga chumba.

Noreen akapiga meza. Akasema Mkuu wa Ukoo amepatikana! Jina hili ni la watu wanaoondoka, na humu ukumbini anayeondoka ni mmoja. Wakamkalisha Bryony kwenye kiti cha kuchongwa, sanduku la kijani mapajani, na mabasi mawili ya watu yakamshangilia. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nililia. Safari hii leso ilikuwa na kazi ya kweli.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeamka mtu mwingine. Nimemwambia Bryony nakubali kwa moyo wote, koti jekundu linampendeza, na sanduku nitalibeba mimi mwenyewe mpaka uwanja wa ndege. Akanibusu upara. Glenys akasema afadhali, angalau kuna kitu kimeingia kichwani.

Vimeingia vingi! Nimemtazama babu Herbert kwa macho mapya. Grimsby! Hull! Godoro juu ya lori! Hakuna tawi lililohama kama letu. Hao wa Tasmania walihama mara moja tu, wakakaa. Sisi tumehama mpaka tukazunguka tukarudi tulipotoka. Na Mkuu wa Ukoo ni binti wa nani? Nikampigia simu Noreen hotelini kumwuliza kama kuna kiti cha Mhamaji Mkuu. Akasema hakipo, ila Rodney naye kapiga simu nusu saa iliyopita kuuliza hichohicho.

Rodney! Anadai yeye ndiye Skarnby wa kwanza wa kizazi chetu kuondoka Skarnby. Kwenda Low Toft! Nimemwambia Noreen waziwazi: maili tatu si kuhama. Maili tatu ni kumtembeza mbwa.

Mchana nimekwenda kuona chumba cha kupanga kijijini Cawdale. Kina harufu ya kondoo na dirisha halifungi. Lakini nimepima kwa gari, mara mbili. Ni maili nne kamili.

Glenys bado sijamwambia.