Tanuri Alikuwa Wapi?

"Tulieni kwanza, msikie maajabu!" Fundi viatu aliigonga soli nyundo moja ya mwisho, akakunjua karatasi aliyokuwa amefungia viatu vya mteja. Wanamwita Gazeti. Habari zote za kijiwe zinatoka kwenye karatasi hizo, na nyingi zinanuka gundi. Ni habari kuukuu, lakini hazichachi, maana wakubwa zinaowahusu hawabadiliki.

"Mkurugenzi wa maji," akasoma, "arejea ofisini baada ya miezi tisa ya mapumziko ya kiafya. Wafanyakazi wampokea kwa ngoma na maua."

Lawama akatua kikombe chake cha kahawa kwenye benchi. Huyu ni mwashi wa zamani, mgane, na hakuna jambo duniani ambalo hajawahi kulitundika shingoni mwa wakubwa. Hata kuhusu kunguni wa kitandani kwake, anaamini kuna ofisi iliyowatuma.

"Miezi tisa? Alikwenda kupumzika au kujifungua?"

Benchi zima likatikisika kwa vicheko.

"Mwonee huruma, mzee, mtu alikuwa anaumwa," akasema Mama Birika, muuza kahawa na mikate, huku akipuliza mkaa.

"Ugonjwa simkatalii, mama. Mimi nauliza hizo ngoma! Bomba langu nikilifungulia linatoa upepo. Alipokuwepo, upepo. Alipoondoka, upepo. Karudi, upepo. Sasa wanapigia ngoma nini?"

"Tena nasikia maua yalijaa mpaka nyuki wakahamia pale ofisini," akadakia Chumvi, fundi simu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye simu aliyoipasua tumbo. "Mpaka leo hawajatoka. Malkia wao ana dereva."

Chumvi akikusimulia mvua, jiulize kama kulikuwa na wingu.

"Basi nyuki wana ajira, Tanuri hana," akasema Gazeti. "Na huyo anakuja."

Tanuri alikuwa anavuka barabara kwa uangalifu, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kola ingeweza kukata mkate. Jina alilipata kwenye kiwanda kidogo cha mikate pale kwenye kona, alikokuwa akisimamia moto. Tangu atoke, mikate ya pale imekuwa ya kuwaonea huruma wenye meno. Mama Birika huwauzia wazee kwa sharti moja, wachovye kwanza.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mbona umependeza hivyo, unaoa?" akauliza Mama Birika.

"Nalizoea shati, mama. Kesho nina usaili. Kile kiwanda kipya cha mikate, nyuma ya maghala."

"Hiyo kazi umeshaipata!" akasema Chumvi.

"Hata zile nyingine nilikuwa nimeshazipata, kaka. Mpaka wanifikishe katikati."

"Katikati ya nini?" akauliza Lawama.

Tanuri akakaa ukingoni mwa benchi, akilikwepesha shati lisiguse ukuta. "Wanaanza vizuri, mzee. Wananiuliza chachu, najibu. Wananiuliza moto, najibu, tunacheka pamoja. Halafu mmoja anasema, 'Sasa hapa katikati, mwaka na nusu huu, ulikuwa wapi?' Nasema nilikuwepo. 'Ulikuwepo wapi?' Hapo mate yananikauka. Wanasema watanipigia."

"Ungewapa ukweli mkavu," akasema Gazeti.

"Niliwapa, mara moja. Nikasema nilishikwa na sonona, nikalazwa hospitali ya magonjwa ya akili, nimetibiwa, na dawa nameza mpaka leo. Bwana aliyekuwa ananihoji alichukua mkasi uliokuwa mezani, akautia kwenye droo. Polepole, kama hataki nione."

Gazeti aliutazama ule uzi aliokuwa akiuvuta, kisha akakichukua kisu chake cha kukatia ngozi, kile kikali anachokataza watu hata kukisogelea, akampa Tanuri kwa upande wa mpini.

"Hebu nishikie hiki, nifunge fundo."

Tanuri akakipokea. Fundo lile lilichukua muda mrefu kuliko mafundo yote ya Gazeti.

"Lakini ilikuwaje hasa?" akauliza Lawama. Sauti ilimtoka kavu, kama anagombeza.

"Sijui nisemeje, mzee. Mara ya mwisho kazini mikate iliungua nikiwa nimesimama mbele yake. Niliona moshi. Nilijua inaungua. Mkono tu ulikataa kufungua mlango. Baada ya hapo hata shati likawa zito. Nalitazama pale kwenye msumari, nawaza, nani atalivaa hilo?"

Lawama akageuza uso upande wa barabara. Alikuwa na msumari wake yeye, nyuma ya mlango, na kanga ya marehemu mkewe ilikuwa bado inaning'inia pale. Akakohoa.

"Ni wakubwa hao," akasema. "Mtu wanamfanyisha kazi ya watu wanne, akianguka wanamuuliza kwa nini amelala."

"Sawa mzee, wakubwa tutawahukumu baadaye, kesho huyu ana usaili," akasema Mama Birika. Akapindua kreti la soda, akalikalia kibosi, akamvua Gazeti miwani na kuivaa kwenye ncha ya pua. "Haya kijana, ingia. Funga mlango. Hapa katikati ulikuwa wapi?"

"Melini!" Chumvi akamjibia. "Sema ulikuwa unaoka mikate kwenye meli kubwa, mnalisha mabaharia wa mataifa yote."

"Wakitaka pasipoti?"

"Ilianguka majini. Papa akaimeza."

"Chumvi, huyu anaomba kazi ya mikate, wewe unampa kazi ya papa," akasema Gazeti. "Sikiliza, mdogo wangu. Sema ulikuwa jela."

"Jela!"

"Ndiyo, jela! Hii dunia ya wakubwa ndivyo ilivyo. Ukisema ulimpiga mtu ngumi ukafungwa, bosi anajua unazo nguvu za kukanda unga. Ukisema ulikuwa unalia chumbani, anaficha mkasi. Wangapi wametoka jela wakapewa vyeo? Nitajie mmoja aliyetoka wodi ile akapewa hata ufagio!"

"Usimwongoze vibaya mtoto wa watu," akasema Mama Birika. "Sema ulikuwa unamuuguza mama mkwe. Mama mkwe hana maswali. Kila aliyeoa atainamisha kichwa na kuhamia swali lingine."

"Mama, mimi sijaoa."

"Ndiyo vizuri! Watamtafuta wapi huyo mkwe wamhoji?"

Wakacheka mpaka mkaa ukapeperusha majivu. Wakati wa kuondoka Tanuri aliinama kwa kila mmoja. Kwa Chumvi akasema, "Sawa kaka, nimekusikia." Kwa Gazeti, "Sawa kaka, nitaifanyia kazi." Kwa Mama Birika, "Sawa mama, nimeelewa." Ni kijana aliyelelewa, hajui kumkatalia mkubwa usoni. Kila mmoja akabaki anatabasamu peke yake, ana hakika uongo ulioteuliwa ni wake.

Kwa Lawama akanong'ona, "Mzee, nimewapa namba yako. Wanataka mtu anayenifahamu."

"Yangu? Mimi nina cheo gani?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unakuja kule wodini."

Lawama akatafuta mkubwa wa kumlaumu kwa maneno hayo, akamkosa.

Siku mbili zikapita. Tanuri hakuonekana kijiweni wala hakutuma salamu, na kahawa ikanyweka kwa wasiwasi. Simu ya Lawama ilipolia, wote wakanyanyuka kama wameitwa mahakamani.

Simu hiyo lazima niieleze. Ilikuwa imeharibika, Chumvi akaitengeneza. Tangu aitengeneze haijui kunong'ona. Ukiipokea inamwaga sauti kwa spika mpaka mtaa wa pili, na Chumvi anasema hilo ni boresho.

"Haloo!" spika ikanguruma. Sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu mwenye kazi nyingi. "Mimi ni meneja wa kiwanda cha mikate. Kuna kijana alikuja kwenye usaili, ametupa namba hii. Nilitaka kuuliza kidogo juu ya ile miezi ambayo hakuwa kazini."

Kabla Lawama hajafungua mdomo, Chumvi alishainama juu ya simu. "Madamu, huyo alikuwa melini! Nahodha alikuwa hali mkate usiotoka mkononi mwake. Meli ilipotia nanga mabaharia walilia!"

Gazeti akamsukuma kwa kiwiko, macho yamemtoka. Kwa akili yake Chumvi alikuwa anamharibia kijana mpango. "Samahani mheshimiwa, huyo amechanganya watu. Kijana alikuwa jela. Lakini kosa dogo, tena la heshima. Ngumi moja tu!"

"Jela gani tena, wewe?" Mama Birika akaja na birika mkononi. "Usiwasikilize, mwanangu. Alikuwa anamuuguza mama mkwe. Mwanamke mkorofi, lakini kijana alivumilia mpaka mwisho."

"Mwisho wa nini?" ikauliza spika.

"Alifariki, maskini."

"Hakufariki!" akasema Gazeti.

"Humjui, wewe ulikuwa jela!"

Hata fundi baiskeli ng'ambo ya barabara aliacha kujaza upepo.

"Ngoja nielewe," ikasema ile sauti, taratibu. "Alikuwa melini, huku amefungwa, huku anamuuguza mama mkwe aliyefariki na hakufariki."

Wote watatu wakamtazama Lawama kama watoto waliovunja chungu. Kazi ya Tanuri ilikuwa inazama mbele ya macho yao, na hiyo meli walikuwa wameiunda wenyewe.

Lawama akaichukua simu kwa mikono miwili. Hakukuwa na haja ya kuisogeza mdomoni, lakini aliisogeza.

"Mama, hawa ni waongo. Wanadanganya kwa mapenzi, lakini ni waongo. Kijana alikuwa mgonjwa. Sonona. Alilazwa, akatibiwa, amesimama. Mimi mwenyewe nilikuwa nampelekea mashati masafi. Siku za mwanzo aliyatazama tu. Siku moja nikamkuta amelivaa moja, amekosea vifungo. Nikajua anarudi."

"Wewe ni baba yake?"

"Hapana. Jirani."

"Na ulijuaje cha kumpelekea ni mashati?"

Lawama akawatazama wenzake. Angeifunika spika kwa kiganja, ila angemfunika na mama wa watu.

"Nilipofiwa na mke wangu, mama, nilikaa ndani. Nilikuwa na nyumba ya mtu naipiga lipu, ukuta mmoja ulibaki. Sikuurudia. Niliwaambia watu kwamba wakubwa walininyang'anya kazi." Akaigeuza simu mikononi. "Na bado nasema ni wakubwa. Lakini walipokuja kuninyang'anya walinikuta nimeshakaa chini. Hakuna aliyeniletea shati."

Mama Birika alikuwa ameliinamisha birika, kahawa inamwagika juu ya kiatu cha mteja wa Gazeti. Gazeti aliona, akakiacha kilowe.

"Sasa kama mnamnyima, mnyimeni kwa mikate yake," Lawama akaendelea, hasira imemrudia, nayo ikamfaa. "Nyinyi wakubwa mkiugua mnarudi kwa ngoma. Yeye karudi kwa miguu yake, ananyoosha shati, nanyi mnaficha mikasi!"

"Mzee, mimi sijaficha mkasi," ikasema spika. "Kijana alinieleza mwenyewe, yote, kabla sijamuuliza. Alisema amechoka kutafuta pa kusema alikuwa. Mimi sikupiga kutafuta ukweli, nilikuwa nao. Nilipiga kujua kama ana watu. Kazi yetu ina moto, na siku ikimwendea vibaya nataka kujua nani atamwona mapema."

"Ana watu," akasema Lawama.

"Nimewasikia. Watu anao. Akili ndiyo sikuisikia mpaka ulipochukua simu wewe. Mwambie aanze Jumatatu, zamu ya mchana. Daktari wake hataki akeshe. Tutamjaribu kama tunavyomjaribu kila mtu. Na yule bwana wa meli asije kuomba kazi hapa."

Simu ikakatika. Chumvi akawa wa kwanza kupata sauti.

"Mmesikia? Ameniogopa! Ameona nina uzoefu!"

Jioni Tanuri alikuja polepole, macho chini, shati lile lile limekunjamana. Habari hakuwa nayo. Lawama alikataa kumpigia, alisema habari kama ile haipitishwi kwenye simu ya Chumvi, mtaa wote utaipata kabla ya mwenyewe.

Chumvi akamwona kwanza, akapindua debe, akaanza kulipiga. Gazeti akashika mdundo kwa nyundo juu ya soli. Mama Birika akagonga vifuniko vya birika, maua yakakosekana, akampachika Tanuri kitunguu chenye majani yake mfukoni mwa shati.

"Kuna nini?" Tanuri akasimama katikati ya barabara, anataka kucheka, anaogopa.

"Mkurugenzi amerejea ofisini!" Gazeti akapaza sauti ya mtangazaji. "Jumatatu, zamu ya mchana!"

Tanuri akakaa chini pale pale alipofika, penye vumbi, na lile shati. Alikuwa analia. Lawama akamwendea, akamshika kwapani kumwinua.

"Inuka, utalichafua. Nimechoka kubeba mashati."

"Na wewe mzee," akasema Mama Birika, vifuniko vimetulia mikononi. "Ule ukuta uliobaki."

"Ukuta gani?"

"Jiko langu halina lipu upande mmoja. Nasema tu."

"Wakubwa ndio wangekupigia lipu," Lawama akanguruma. Akavuta hatua chache, akasimama, akageuka. "Una mchanga?"

Hakungoja ajibiwe, akamgeukia Gazeti aliyekuwa anaanza kukunja ile karatasi ya mkurugenzi. "Kijana huyu ameondoka kiwandani, mtaa mzima tukavunjika meno. Yule wako ameondoka miezi tisa, hata bomba halikujua. Sasa niambie, pengo ni la nani?"