Ndovu wa Shemeji Kitheka

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Shemeji Kitheka, mume wa dada yangu Wakio, amenipa kazi. Yeye yuko Mata, anamalizia nyati wa saruji kwenye lango la chama cha wakulima, na huko simu hushika kwa kubahatisha. Kesho Madam Valentine anafika Voi kutoka Nairobi, anatafuta fundi wa sanamu kubwa ya bustani. Nimtembeze mjini, nimwonyeshe sanamu za Kitheka. Basi. Miaka kumi na miwili shemeji anangoja nafasi hii. Nimepiga shati pasi.

Jumanne, 5 Agosti

Sanamu ya mama msusi wa vikapu, pale nje ya soko, Madam aliizunguka mara tatu. Kisha tukafika kwa ndovu wa raundabauti. Akauliza aliyemtengeneza ni nani. Nikasema mimi! Sijui shetani gani alinipitia. Akanishika mikono yote miwili. Hakuna aliyewahi kunishika hivyo. Akaona nyuzi zimechomoza mkiani, akauliza ni nini. Nikasema nywele. Akaandika.

Kumbe ni nyuzi za mkonge. Wakio anasema Kitheka huzichanganya na saruji ili isipasuke. Sikumwambia kwa nini nauliza.

Jumatano, 6 Agosti

Madam alitaka nimtengenezee ndovu mdogo akiona. Hakuna shida! Nilikata mkonge kando ya reli, nikautia kwenye saruji majani na yote, mabichi. Utomvu ukaniwasha hadi kwapani. Nafinyanga, najikuna, nafinyanga. Sikio likaanguka. La pili nalo likafuata.

Madam hakunifokea, na hilo ndilo liliniumiza. Akauliza taratibu fundi mwenyewe yuko wapi. Ningesema Mata, yangeisha. Lakini aliye Mata anaweza kupigiwa simu akanisema. Nikajibu kwamba fundi ni shemeji yangu Kitheka, na sasa ni marehemu. Marehemu! Madam akavua kofia. Tukasimama kimya dakika nzima mbele ya ndovu. Nilijikuna mara moja tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Madam aliandika tanzia mtandaoni. Kwa Wakio turubai limeshafungwa. Watu wameshuka kutoka Mghange na maharage, sufuria za kanisa ziko jikoni, dada yangu analia, na simu ya mumewe haipatikani. Nilitaka kusema. Nikaenda kupanga viti.

Saa nane Kitheka akaingia na mkungu wa ndizi, akauliza nani amefariki. Mama mmoja akaangusha mwiko. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Kitheka akampigia Madam. Madam akakata simu, eti matapeli wa Voi hawaheshimu hata wafu. Jumatatu anampa kazi fundi mwingine.

Jumamosi, 9 Agosti

Wakio hasemi nami. Kitheka hajanigombeza. Aliniuliza jambo moja tu, kama Madam aliupenda mkia. Nikasema sana. Akatabasamu kidogo, akaenda kuosha vyombo vyake vya kazi. Nililia nyuma ya choo, machozi ya kweli. Najuta. Mtu amefanya kazi miaka yote hiyo, mimi nimemzika kwa siku moja.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetubu kanisani, tena kwa magoti. Uongo basi! Lazima Madam ajue kabla ya kesho kwamba Kitheka yu hai na kazi ni yake. Nimekaa na simu saa nzima nikitafuta maneno. Tatizo ni kwamba nikikiri nilimdanganya, ataniona mwongo.

Nimemwandikia kwamba aliyefariki ni pacha wa Kitheka.