Anayefagia Ndiye Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kakanyaga tena springi ya saa kwa mguu mtupu. Kasema meza yangu ya ufundi itoke chumbani kabla ya Jumamosi, la sivyo ataitoa mwenyewe. Nimemwambia fundi hana haraka. Kaniuliza fundi gani, wakati hata saa yetu ya ukutani imesimama tangu mwaka juzi.

Ila nina mpango. Jengo letu lina sheria moja: anayefagia mahali ndiye mwenye mahali. Mama wa ghorofa ya tatu alifagia kipande cha paa, leo anaanika peke yake. Fundi cherehani alifagia pale mlangoni, penye mwanga na wateja, leo watu wanamwomba radhi wakipita. Kumbe ufagio tu! Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwahi. Nimefagia pale mlangoni hadi sakafu ikang'aa, nikasimama na ufagio kama mwenye nyumba. Fundi cherehani akaja, akatazama chini, akasema Mungu anibariki shemeji, mgongo ulikuwa unamsumbua. Akaweka kiti, akaketi. Nikasema asante. Asante ya nini?

Jumatano, 5 Machi
Nilidai padogo mno. Leo nimefagia ukumbi mzima na ngazi zote, yeye abaki amezungukwa. Mzee wa chumba cha chini katoa kichwa, kasema nimeruka mlango wake. Nikaufagia. Siasa inataka watu.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimegoma, waone pengo langu. Wameliona. Mama wa ghorofa ya tatu kaja kuuliza kama naumwa, maana maganda ya machungwa yako ngazini tangu asubuhi. Mke wangu kamjibu kwamba ni mzima, anakuja.

Jioni wapangaji wamekutana uani. Wamenisifu, wamenipa ufagio mpya wa mpini mrefu. Nikaona ndiyo nafasi, nikaomba pale mlangoni. Wakasema mfagiaji hakai mahali pamoja, jengo zima ni lake. Wakapiga makofi. Nami nikapiga, nilijisahau.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu hatanii. Nimetoka kumwaga taka, nimekuta meza yangu nje, pale pale mlangoni. Fundi cherehani keshatandaza kitambaa juu yake, anakata. Kasema meza imekuja wakati mwafaka, shemeji. Springi zangu kazitia kwenye kopo la vifungo.

Nimeumia sana. Nimekaa ngazini na ufagio wangu, watu wananiruka.

Kisha nikafikiri vizuri. Meza imeshapata nafasi mlangoni, tena bila ugomvi. Nimebaki mimi tu. Na kosa langu nimeliona: ufagio mkavu hauna nguvu ya kisheria.

Kesho napiga deki.