Nafasi ya Mtu wa Nne

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mimi ndiye mchezaji gofu hodari kuliko wote katika mji huu. Uwanja wenyewe sijauona bado, lakini hilo ni suala la ramani, si la kipaji.

Nina wiki tano hapa. Nalala kwenye kochi la dada, nafanya kazi kwenye duka la magodoro la shemeji. Kidato cha pili nilikikalia miezi minne tu, tukashindwana. Ila kule nilikotoka niliokota mipira kwenye kiwanja cha mazoezi cha gofu miaka mitatu mizima, na mtu hawezi kutazama wengine wakikosea miaka mitatu asiwe bingwa. Nilipoondoka meneja alinipa fimbo moja ya chuma, namba saba, kunishukuru. Au kunihimiza niondoke haraka. Moja kati ya hayo.

Leo shemeji alipotoka nilisimamisha magodoro matatu, nikapiga mpira. Godoro la inchi kumi linameza mpira kimya kabisa. La inchi nane linaurudisha. Taa ya pili kutoka mlangoni sasa haina kioo. Nikamwambia shemeji ni joto. Akainama, akaokota mpira chini ya kaunta, akauliza kama na hili ni joto.

Jambo lenyewe nitaliandika mara moja, nisilirudie. Mji huu hakuna anayenijua isipokuwa dada na shemeji, nao wamenichoka. Jumamosi nakaa kwenye kochi nasikiliza watu wakipita nje wakicheka. Gofu huchezwa na watu wanne. Nahitaji watatu. Basi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimeupata uwanja! Uko nyuma ya kituo cha mafuta, dakika sita kwa miguu. Na kila niliyemuuliza alinitazama kama nimeuliza njia ya mwezini.

Nyasi zipo. Bendera nyekundu ndogo zipo, saba, zimepangwa vizuri. Mashimo yapo, ingawa makubwa kiasi. Nikasema labda ni ya wanaoanza. La kwanza nililimaliza kwa mapigo manne. La pili matatu. Kila nilipofika nilifanya kama nilivyoona waungwana wakifanya: nang'oa bendera kwa adabu, naiweka pembeni, ndipo nausukuma mpira. La tatu mpira uliingia kwa mlio mtamu, ko. Nilipoinama kuuchukua nikakutana na kofia ngumu ya njano, na chini ya kofia uso, na chini ya uso spana.

Yule fundi wa maji aliniuliza, kwa upole wa kutisha, mimi ni mtoto wa nani. Akanieleza kwamba bendera zile zinaonyesha mabomba yalipopita chini, ili mwenzake wa mashine ya kuchimba ajue pa kutogusa. Nikamuuliza: je, ikitokea mtu, simsemi mtu, ameng'oa tatu na hakumbuki zilikuwa wapi? Akainua spana, akaninyooshea bendera tatu zilizolala pembeni.

Nikazirudisha kwa makadirio. Nina jicho zuri.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mtaa mzima hauna maji tangu jana saa tatu asubuhi. Mashine ya kuchimba imepasua bomba. Dada anasema akimjua aliyesababisha atamfulisha shuka za mtaa mzima kwa mate yake. Nikamuunga mkono. Nikasema watu wengine hawana haya.

Lakini kila msiba una upande wangu. Jana fundi wa maji aliniona kwa mbali na fimbo yangu, akaacha kazi, akanifuata mbio mpaka kona. Kumbe hataki ugomvi. Anataka nisirudi tena, basi akanichorea kwenye vumbi njia ya uwanja wa kweli: nyuma ya kiwanda cha matofali, mashimo tisa, mali ya manispaa, kila mtu anaingia. Akasema yeye mwenyewe huenda kuzibua mifereji yake.

Mapumziko ya mchana leo nikaenda. Karani wa pale haongei na uso wako, anaongea na daftari. Akauliza niko kundi gani. Nikamjibu mimi ni kundi peke yangu. Akaliambia daftari kwamba Jumamosi wanaingia wanne wanne. Mtu pekee aje siku za kazi, asubuhi. Siku za kazi asubuhi mimi niko chini ya godoro nalipandisha ngazi.

Nikiwa natoka, ubaoni nikaona karatasi. "Tuko watatu, tunatafuta wa nne, kila Jumamosi. Awe mcheshi, asiwe mlalamishi. Aje kwa mkunga mstaafu, nyumba ya lango la kijani."

Watatu! Kamili! Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaing'oa karatasi nikaitia kwenye soksi, asije mwingine akaisoma. Akili kama hii shuleni haikufundishwa. Niliondoka nayo kabla hawajaiharibu.

Nikabisha lango la kijani. Nikafunguliwa. Kwenye benchi ameshakaa bwana mmoja wa glovu nyeupe, anakunywa maji. Karatasi yangu ameipiga picha kwa simu tangu asubuhi.

Huyu ni mwalimu wa udereva. Nimemwita Breki, maana hata akiwa amekaa, mtu akiongea haraka mguu wake wa kulia unakanyaga chini. Akaniita dogo. Akauliza kama nimetumwa kuleta kitu.

Bi Mkunga ni mama mfupi, anatazama mtu kama anakisia uzito wake. Wenzake ni mwoka mikate na fundi miwani. Wa nne alihama. Akatuuliza uzoefu. Nikasema miaka mitatu uwanjani, ambayo ni kweli tupu. Breki akasema miaka kumi na mmoja kwenye mchezo. Nikamuuliza mchezo upi huo. Akasema yote.

Bi Mkunga akaamua. Jumamosi saa mbili asubuhi tucheze wote wawili, na yeye, na mwoka mikate. Fundi miwani goti linamuuma. Mwenye mapigo machache anachukua nafasi. Akanishika bega akasema, mwanangu, kula vizuri, wewe ni mwepesi mno. Sijui kwa nini neno hilo nimelibeba mpaka nyumbani.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Hila ya kwanza. Nimempigia Breki simu kwenye shule yake ya udereva, nikabana pua, nikajitambulisha kama karani wa uwanja, nikamwambia saa zimesogezwa, aje saa tano. Akashukuru sana. Nikakata, nikacheza ngoma peke yangu kati ya magodoro.

Nusu saa baadaye simu ya duka la shemeji ikalia. Mtu mwenye mafua makubwa akaomba kuongea na mimi. Akasema yeye ni karani wa uwanja, saa zimesogezwa, nije saa nne. Nikashukuru sana.

Hila ya pili ndiyo yenyewe. Kule kiwanjani kwetu watu walipiga mipira tu, hakuna aliyeandika. Lakini hapa kuna kadi: unapiga, unaandika idadi kwa penseli. Kwa penseli! Na anayeandika ni nani? Nimechonga penseli ncha mbili. Nimefanya mazoezi ya kuandika nne kwa haraka huku natabasamu.

Dada akauliza kwa nini natabasamu na ukuta.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nilifika saa kumi na mbili na nusu, kumuwahi. Breki alikuwa ameshafika, kumuwahi mimi. Tukasalimiana. Yeye akasema alikosa usingizi. Mimi nikasema napenda umande. Tukakaa saa nzima na nusu kwenye benchi moja bila kutazamana.

Bi Mkunga akaja na mwoka mikate, jitu la mikono kama mbao za kusukumia unga, linalocheka kabla hujasema. Akagawa kadi. Akasema "kila mtu na mwenzake, mnajua wenyewe," nasi wote wawili tukasema tunajua, tena kwa pamoja. Kadi yangu ilikuwa na majina mawili: la Breki juu, langu chini. Nikasema sawa, wameanza na mkubwa kwa umri. Ningeuliza, lakini bingwa haulizi mambo ya kadi.

Shimo la kwanza nilipiga nane. Nikaandika nne. La pili nikapotea kwenye mchanga kama mtu anayetafuta pete, tisa. Nikaandika tano, nisionekane mwenye tamaa. Breki naye alikuwa anachimba nchi. Kila akipiga mguu unakanyaga breki, mpira unasimama hatua tatu mbele. Na kila shimo anageuka pembeni, anaandika kwa mkono mmoja ameuziba kwa glovu. Nikamhurumia kwa jinsi anavyohangaika kujihesabia.

Shimo la tano nilipiga mpira ukagonga mti, ukarudi, ukaingia kwenye mkoba wa mwoka mikate, kati ya mikate. Akauliza kama nauhitaji na siagi. Bi Mkunga akacheka mpaka akaegemea fimbo. Breki akacheka, mguu ukakanyaga. Na mimi nikacheka. Nilikuwa nimesahau sauti yangu ya kucheka ilivyo kubwa.

Mwisho nikajumlisha: thelathini na nane. Mchezaji mzuri hapa, mwoka mikate alisema, ni thelathini na tano. Thelathini na nane ni idadi ya heshima. Si ya mtu anayeiba, ni ya mtu anayestahili.

Tukakaa mezani. Bi Mkunga akachukua kadi zote, akavaa miwani, akasoma: Mwalimu wa Udereva, kama alivyoandikiwa na kijana wa magodoro, thelathini na nane.

Nikasema hapana, hiyo ni yangu.

Akasema hapana, hiyo ni yake. Kwenye gofu huandiki kadi yako, unaandika ya mwenzako, ndiyo maana ya majina mawili: juu anayecheza, chini anayemuandikia. Akanitazama. Akauliza, kwani miaka mitatu uwanjani ulikuwa unaandika ya nani?

Nikasema nilikuwa nataka kuhakikisha tu.

Breki jasho limemtoka mpaka kwenye glovu. Nikaelewa kabla Bi Mkunga hajainua karatasi ya pili: kijana wa magodoro, kama alivyoandikiwa na Mwalimu wa Udereva, arobaini.

Siku nzima nimeiba kwa faida yake. Siku nzima yeye kaiba kwa faida yangu. Na kwa kuwa mimi ni hodari zaidi, nimeshindwa kwa mapigo mawili, yote mawili nimempa kwa mkono wangu.

Nani afungue mdomo? Nikisema zake ni uongo, wangu ndio mwandiko. Akisema zangu ni uongo, wake ndio mwandiko. Tukapeana mkono. Akasema, mdogo wangu, unacheza vizuri sana. Nikasema, kaka, kwako nimejifunza.

Mwoka mikate alikuwa ameinamia mkate, mabega yanatikisika. Bi Mkunga akavua miwani, akasema kwa idadi hizi sisi ni watu wa daraja jingine kabisa, na wao wazee watatuharibia mchezo. Wanatafuta mtu anayekosea kama wao. Akatutakia kila la heri, wote wawili.

Langoni akanivuta shati, akaninong'oneza kitu. Sitakiandika.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Maji yamerudi. Habari za fundi wa maji pia nimezisikia. Jana mchana alikwenda kuzibua mfereji wa shimo la tisa, mwoka mikate akampa fimbo ajaribu, akapiga kumi na mbili akajicheka mwenyewe. Ndiye wa nne. Kofia ya njano na kila kitu. Mwanamume niliyemfungulia nafasi pale mimi, ukitazama vizuri.

Breki amekuja nyumbani alasiri, kwa gari lake lenye bango la mwanafunzi juu ya paa. Dada akafurahi kupita kiasi kusikia nina mgeni. Akatoa vikombe vya kabatini. Breki amepata uwanja mwingine, mwendo wa saa moja, wanaingia hata wawili, na mwezi ujao kuna mashindano. Safari hii, anasema, tuandikiane kwa makubaliano. Alipendekeza mimi thelathini na nne, yeye thelathini na tatu. Nikamwambia asinitanie. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Tumekubaliana thelathini na tatu kila mtu, na nani atangulie kwenye orodha tutarusha sarafu. Sarafu nitaleta mimi. Ninayo moja nzuri.

Mpango hauna kasoro. Yote ya wiki hii, ukiyachambua, yalikwenda sawa: hila zilikuwa nzuri, mwandiko ulikuwa mzuri, hata bendera karibu zirudi mahali pake.

Kitu kimoja tu ndicho kilichoharibika kweli, na nakiandika kwa sababu dada amelala na penseli bado ina ncha. Bi Mkunga alikuwa anahesabu. Miaka thelathini, aliniambia pale langoni, nimehesabu mioyo ya watoto wasiozaliwa kwa sikio tu, nitashindwa kukuhesabu wewe unayepiga chini kama unatwanga? Yeye themanini na tatu, mwanangu. Wewe sabini na moja.

Nilikuwa nimeshinda.