Nyumba ya Kilo Mia na Themanini

Jumatatu, 3 Juni

Leo ndiyo leo! Likizo ya mwezi mzima imeanza. Wasoma mita za maji wenzangu waendelee kufukuzwa na mbwa wa watu bila mimi. Paneli zote sita zimekatwa. Miezi minne nimepima na kukata. Nilizitoa kwenye boksi la lori bovu la samaki: povu gumu katikati, faibaglasi huku na huku, imara lakini nyepesi, mtu mmoja anabeba kichwani. Harufu itaisha. Paka wa mtaa mzima wanaomba isiishe.

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu: nimemkumbuka mke wangu hadi nazisalimia kandambili zake mlangoni. Yeye ni muuguzi. Mwaka jana walimhamishia zahanati ya mbali, ng'ambo ya mchanga na makorongo, na huko analala chumba kimoja na wauguzi wenzake wawili. Nikienda, nitafikia wapi? Ndipo nikaapa: nitakwenda na nyumba yangu. Kijumba juu ya pikapu, mimi na yeye, tukifunga mlango tumefunga.

Pikapu yenyewe ni kuukuu. Mzigo ukizidi kilo mia na themanini, itazama mchangani. Basi ni kilo mia na themanini, hata sindano isizidi.

Jirani yangu, fundi wa kuchomelea tunayemwita Chuma, alichungulia akauliza hilo ni banda la vifaranga au jeneza. Akasema nyumba ya povu itapeperuka, bora anichomelee fremu ya chuma. Huyu hata ukiugua mafua atakuandikia chuma. Nikamshukuru sana, nikafunga geti.

Jumanne, 4 Juni

Kupima uzito. Napanda kwenye mizani na paneli, napanda bila paneli, natoa. Sakafu: kilo thelathini na moja. Nimegundua pia kwamba mimi nimeongezeka kilo sita. Hilo si suala la paneli.

Nimeondoa meza, rafu, kabati la vyombo na kiti kimoja kati ya viwili. Mama mkwe, ambaye naishi naye hapa, akauliza kwa upole: baba, hicho kiti kilichobaki ni cha nani? Nikamwambia tutapokezana. Akasema haya, akaendelea kuchua magoti yake. Yule mama ana heshima zake.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kuunganisha. Gundi hii ikishachanganywa haina subira: dakika ishirini, imekuwa jiwe. Nikapaka, nikabana, nikapaka, nikabana. Viungo vya ndani ndivyo hasa hubeba nyumba, kwa hiyo niliingia ndani nikavisawazisha kwa kidole, kona hadi kona, paa likiwa la mwisho. Kazi safi! Hata sisimizi hapenyi. Nikaketi kuifurahia.

Mlango hutobolewa baadaye, boksi likishashika. Ndivyo wafanyavyo mafundi wote. Msumeno ulikuwa nje.

Nilipiga kelele nusu saa. Povu huzuia sauti vizuri mno, hapo nimeridhika. Mwishowe mama mkwe alitoka kuona paka wanakodolea macho nini, akaenda kumwita Chuma. Jamani, wafe watu wote abaki Chuma? Akaja na grenda. Akaniuliza mara tatu kama kweli nimo, akawaita majirani wasikie nikijibu, kisha akakata. Mlango nilitaka uwe nyuma. Akakata ubavuni, palepale nilipopanga kitanda, eti huko nyuma kulikuwa na jua.

Ijumaa, 7 Juni

Kila jambo lina heri yake! Kitanda kilikuwa cha sentimita mia na ishirini. Kwa ajili ya mlango wa Chuma nimekipunguza hadi sitini. Kilo nane zimeokoka! Jumla sasa: kilo mia na sabini na tisa. Nilirukaruka uani. Mama mkwe alitazama kile kitanda, akanitazama mimi, akarudi kuchua magoti yake.

Mke wangu atafurahi. Nampa upande wa dirisha.

Jumapili, 9 Juni

Nimefika! Malori mawili makubwa yalikwama mchangani. Mimi nikapita, mwepesi, mlango tu ukipigapiga. Natamani Chuma angeona.

Mke wangu alitoka zahanati na aproni yake, mikono bado ina maji. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima. Nikasema: hili ndilo gari. Akaniwekea kiganja chenye maji shavuni, akauliza kama nakula vizuri. Moyo uliniyeyuka papo hapo. Kwa nini mtu akae mbali na kiganja kile?

Nikamwonyesha. Akaingia, akajilaza, akasema pazuri. Nami nikaingia kujilaza. Hapakuwa na pa kujilaza. Tulijaribu ubavu. Tulijaribu kugeuka kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Kwenye tatu mlango ulifunguka, nikaangukia nje mbele ya foleni ya wagonjwa. Mmoja akauliza kama mimi ni dharura.

Alicheka mpaka akatoa machozi. Halafu akaacha kucheka, machozi yakabaki. Akauliza miezi minne nilikuwa nafanya nini. Akasema lori la dawa huja kila Alhamisi na dereva hubeba ndugu za wafanyakazi. Akasema stoo ya nyuma alipewa tangu mwezi wa pili, akaifagia, akaipaka chokaa, akaweka kitanda cha watu wawili. Akasema haya yote alinieleza kwa simu, mara tatu.

Simu nazikumbuka. Nilikuwa nachanganya gundi. Niliitikia ndiyo, ndiyo, sawa kabisa.

Ijumaa, 14 Juni

Sikuandika. Tulikuwa stoo. Kuna dirisha dogo, kitanda kipana, harufu ya chokaa. Asubuhi alikuwa ananiamsha kwa kunivuta sikio. Sijawahi kupata siku nne kama zile, na siombi nyingine zaidi ya hizo.

Leo amenirudisha nimpelekee mama yake dawa ya magoti na niache pikapu nyumbani. Ameniapisha: Alhamisi ijayo nipande lori la dawa, na begi moja tu, likizo yangu yote iliyobaki iishie stoo. Atanisubiri getini saa kumi. Nikaapa kwa moyo wote. Paneli basi! Sitaki hata kuziona.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeziona tu kwa kupita. Lakini mtu akilikata boksi katikati kwa urefu, akaongeza sentimita sitini, kitanda kinaenea watu wawili. Watu wawili! Mama mkwe kaniambia, baba, begi lako nimeshalipanga. Nikasema ahsante mama, Alhamisi bado mbali.

Alhamisi, 20 Juni

Boksi lipo vipande viwili, ila halitakaa hivyo. Asubuhi nilikuwa nimepaka gundi ukingo mzima, nimeshika paneli kwa mikono miwili, ndipo honi ikalia. Lori la dawa. Dereva akateremka kuuliza kama mimi ndiye mume wa muuguzi, nafasi yangu ni ya mbele, dirishani. Mama mkwe alikuwa amesimama na begi langu. Nikamwambia dereva kaka, nikiiachia hii sasa itashika upande. Akatazama saa, akatazama paneli, akasema haya bwana, akaondoka.

Saa hizi ni saa kumi na moja. Bila shaka amesimama getini na aproni yake. Nimemkumbuka leo kuliko siku zote, hata kifua kinauma. Lakini ngoja aione hii! Kitanda cha watu wawili, kilo mia na themanini kamili. Nikijitahidi, miezi minne tu.